SUKARI, PRESHA, PUMU NA KIFAFA: USIKATIZE DAWA YAKO



Mtu anapokimbia huacha mengi nyuma, na mara nyingi dawa ni mojawapo. Aliyevuka mto Rusizi kutoka Bukavu, au aliyepitia Bugarama, huweza kufika akiwa amekaa siku kadhaa bila dawa. Hana homa wala jeraha, basi hasemi kitu. Hapo ndipo penye hatari.

Sukari, presha, pumu na kifafa ni magonjwa ya kudumu. Hayaishi kwa dozi moja kama malaria. Dawa huyatuliza, na ukiiacha hurudi. Mwenye kifafa akiacha dawa ghafla huweza kuanguka mara kwa mara. Mwenye sukari anayetegemea insulini akiikosa huweza kufa katika siku chache. Presha kwa kawaida haiumi, lakini huleta kiharusi.

NANI ATAKUSAIDIA?

Si lazima umwone daktari bingwa. Nchini Rwanda wahudumu wa afya wa jamii, yaani abajyanama b'ubuzima, walianza kazi mwaka 1995. Mwaka 2006 kliniki za magonjwa haya zinazoendeshwa na wauguzi zilianza katika hospitali za wilaya kama Rwinkwavu, na baadaye huduma ikafikishwa kwenye vituo vya afya. Mhudumu wa jamii hukukumbusha na kukuelekeza. Muuguzi hupima na kutoa dawa. Aliyezidiwa hupelekwa hospitali. Hapa Rusizi zipo Gihundwe na Mibilizi.

UFANYE NINI?

1. Unapoandikishwa, taja ugonjwa wako hata kama unajisikia mzima. Onyesha kadi ya zamani au pakiti tupu ya dawa.

2. Rudi kituoni tarehe uliyopewa, kabla dawa haijaisha. Usimgawie jirani.

3. Chumvi ya mtu mzima kwa siku isifike kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya vyakula.

4. Insulini isikae juani. Weka chungu kidogo ndani ya kikubwa, jaza mchanga wenye maji katikati, funika.

5. Mwenye sukari akitetemeka na kutoka jasho, mpe maji ya sukari upesi, ikiwa ana fahamu na anaweza kumeza.

6. Ukipangiwa kuhamia kambi nyingine, mwone muuguzi kwanza. Anayetoka Nyarushishi kwenda Mahama, wilayani Kirehe, huvuka nchi nzima. Omba dawa za safari na karatasi ya matibabu, uzibebe mkononi, si kwenye mzigo.

MPELEKE KITUONI MARA MOJA

– uso umepinda, au mkono umelegea ghafla;
– kifua kinabana sana;
– mwenye pumu hawezi kumaliza sentensi;
– kifafa kimezidi dakika 5;
– mwenye sukari anatapika au amelegea.

Ukimjua jirani aliyeacha dawa, mshauri aende kituoni, au umsindikize.