"Mine": neno moja la Kiingereza, maana nyingi, na swali ambalo Kolwezi haijalimaliza

Kolwezi. Mtoto wa Kiingereza anayegombea mpira na mwenzake husema "mine", yaani wangu. Mhandisi anayesimamia shimo la shaba analiita shimo hilo "mine", yaani mgodi. Mwanajeshi anayeonya wenzake wasikanyage njia fulani naye hutaja "mine", yaani bomu lililotegwa ardhini. Tahajia ni ile ile na matamshi ni yale yale: "main".

Kwa mwanafunzi wa Kiingereza, hili ni jambo la kamusi. Lakini katika jimbo la Lualaba, kusini mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, maana mbili za kwanza zimekaa juu ya ardhi moja. Kolwezi ni mji uliojengwa juu ya shaba na kobalti. Kila mara mtu anapouliza mgodi uko wapi, swali la pili hufuata nyuma yake: ni wa nani?

Maneno mawili yaliyovaa sura moja

Wataalamu wa asili ya maneno wanaeleza kuwa hapa hakuna neno moja lenye maana nyingi, bali maneno mawili yaliyokutana njiani. "Mine" yenye maana ya "yangu" ni neno la kale la Kiingereza, na ni ndugu wa "mein" la Kijerumani. "Mine" yenye maana ya mgodi iliingia Uingereza kutoka Ufaransa katika Zama za Kati, na inadhaniwa kuwa Wafaransa nao waliirithi kutoka lugha za Waselti.

Mgodi ndio uliozaa bomu. Zamani, majeshi yaliyozingira ngome yalichimba handaki chini ya ukuta ili uporomoke. Baruti ilipopatikana, ilijazwa ndani ya handaki hilo na kulipuliwa. Handaki likasahaulika, jina likabaki kwa kilipuzi. Mabomu ya aina hiyo yanayolenga watu yalipigwa marufuku na Mkataba wa Ottawa wa mwaka 1997, na Congo ilijiunga nao mwaka 2002.

Kutokana na handaki hilo hilo, Waingereza walipata kitenzi "undermine": kumchimba mtu, kumdhoofisha kutoka chini bila yeye kujua. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa sana, kwa kuwa naye anajua maana ya kumchimbia mwenzake shimo.

Miaka ya karibuni neno limehamia kwenye kompyuta. Anayepekua rundo la taarifa kutafuta jambo lenye faida anasemekana "kuchimba" data. Anayewasha mashine ili apate Bitcoin naye anaitwa mchimbaji. Congo inayo mifano ya aina zote mbili: wakati Lualaba inachimba kwa sururu na mashine kubwa, Hifadhi ya Taifa ya Virunga, huko Kivu Kaskazini, ilianza mwaka 2020 kutumia umeme wa maji wa Luviro kuchimba Bitcoin.

Walioitamka "yangu"

Historia ya shaba ya Katanga ni orodha ndefu ya waliosema "yangu" kwa zamu.

Kabla ya wakoloni, mafundi wa eneo hili waliyeyusha shaba na kuimimina katika umbo la misalaba midogo, ambayo ilitumika kama fedha na kusafirishwa mbali. Katika karne ya 19, biashara hiyo ilishikwa na Msiri, mtu wa asili ya Wasumbwa wa magharibi mwa Tanzania ya leo, aliyejenga makao yake Bunkeya, ambayo sasa iko ndani ya Lualaba. Desemba 1891, msafara ulioongozwa na William Stairs kwa niaba ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, msafara ulioanzia Zanzibar, ulimtaka akubali bendera ya Dola Huru ya Congo. Msiri alikataa, akauawa kwa risasi.

Mwaka 1906 iliundwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Mtaji wake haukuwa wa Wabelgiji pekee. Tanganyika Concessions, kampuni ya Robert Williams wa Uingereza, ilikuwa na hisa, na reli iliyofika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910 ilitokea kusini, katika makoloni ya Waingereza. Kiingereza kilikuwepo tangu mwanzo wa migodi hii, ingawa lugha ya serikali ilikuwa Kifaransa.

Baada ya uhuru, zamu ikawa ya Serikali. Sheria ya Bakajika ya Juni 7, 1966 iliirudishia haki za ardhi na madini zilizogawiwa na wakoloni. Tangu Januari 1967, mali za Union Minière zilikuwa mikononi mwa kampuni ya umma ambayo baadaye ilijulikana kama Gécamines. Kwa miaka mingi, kampuni hiyo ndiyo iliyolipa mishahara Kolwezi na kuendesha hospitali na shule. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wake wa Kamoto iliporomoka, uzalishaji ukaanguka, na mji mzima ukaanguka nao.

Kanuni ya Madini ya mwaka 2002 ilifungua mlango kwa wawekezaji. Leo, makampuni ya Uswisi, China, Kanada na kwingineko yanashikilia vibali katika eneo kubwa la mkanda huu wa shaba, mengi yakiwa na ubia na Gécamines.

Kiwanja changu, madini ya Serikali

Mkazi wa kawaida ana nafasi gani katika orodha hiyo? Jibu liko Kasulo, mtaa wa Kolwezi.

Mwaka 2014 ilienea habari kuwa mkazi mmoja wa mtaa huo alikuwa akichimba shimo uani kwake, akakuta mawe yenye kobalti nyingi. Muda si mrefu, mashimo yalichimbwa uani, kando ya barabara, na hata ndani ya nyumba, sakafu ikitobolewa sebuleni. Watu waliona ni jambo la wazi: kiwanja ni changu, basi kilichomo ni changu.

Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Ardhi ya Julai 20, 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali, na mwananchi hupewa haki ya kuitumia tu. Kanuni ya Madini nayo inaweka mbali haki ya juu ya ardhi na haki ya kilicho chini yake. Mwenye hati ya kiwanja anaweza kujenga nyumba na kupanda mihogo, lakini hana ruhusa ya kuchimba madini. Mwenye kibali cha madini akifika, anatakiwa amlipe fidia mkazi aliye juu, kisha achimbe.

Mwaka 2017 sehemu ya Kasulo ilifanywa eneo rasmi la wachimbaji wadogo. Ukuta ulijengwa, baadhi ya familia zikahamishwa, na haki ya kununua madini ikapewa kampuni moja, Congo Dongfang Mining, tawi la Huayou Cobalt ya China. Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na cha Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa wakazi wa Kasulo, hasa watoto, walikuwa na kiwango kikubwa cha kobalti mwilini kuliko watu wa mtaa wa jirani usio na machimbo. Mali haikuwa yao, lakini vumbi lake lilikuwa lao.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Lualaba daftari lipo, ila kurasa zake nyingi zimekwisha kuandikwa majina mengine. Mchimbaji mdogo lazima awe Mkongo, awe mtu mzima, awe na kadi na, tangu marekebisho ya mwaka 2018, awe mwanachama wa ushirika. Lazima pia achimbe katika maeneo yaliyotengwa. Maeneo hayo ni machache, na mengi hayana madini ya kutosha. Ndiyo maana maelfu huingia katika maeneo ya makampuni. Juni 27, 2019, udongo uliporomoka katika eneo la Kamoto Copper Company, karibu na mji, na watu 43 waliripotiwa kufa. Glencore, mwenye hisa nyingi, ilisema waliokufa walikuwa wameingia kinyume cha sheria.

Mchimbaji na mtoto, jina moja

Neno hili lina ndugu mwingine. Kwa Kiingereza, "miner" ni mchimbaji na "minor" ni mtu ambaye hajatimiza miaka 18, na masikio ya wengi hayasikii tofauti. Kifaransa, lugha rasmi ya Congo, hakitofautishi hata kwa maandishi: "mineur" ni mchimbaji, na "mineur" ni mtoto kisheria.

Kwingineko huo ungekuwa mzaha wa darasani. Mwaka 2014, UNICEF ilikadiria kuwa watoto wapatao 40,000 walifanya kazi katika machimbo ya kusini mwa Congo, wengi wao wakiokota, kuosha na kuchambua mawe yenye kobalti. Ripoti ya Amnesty International na shirika la Kikongo la Afrewatch iliyotoka mwaka 2016 iliifikisha habari hiyo kwa wanunuzi wa simu na magari ya umeme duniani.

Kesi ikafuata. Desemba 2019, familia za Kikongo zilifungua shauri mjini Washington dhidi ya Apple, Alphabet, Dell, Microsoft na Tesla. Mahakama ya rufaa ilitoa uamuzi Machi 2024 kuwa kununua kobalti kupitia mnyororo wa dunia hakutoshi kumfanya mnunuzi kuwa mshirika wa waliowatumikisha watoto. Faida ina wenyewe wengi. Lawama haikupata mwenyewe.

Kiswahili kinauliza: nini chako?

Kiingereza kinaweza kusema "mine" na kunyamaza. Kiswahili hakikubali. Kiambishi lazima kifuate kitu chenyewe: mgodi wangu, shimo langu, kiwanja changu, mikono yangu, jasho langu. Anayedai analazimika kutaja anachodai.

Kwa kipimo hicho, mchimbaji mdogo wa Kolwezi anaweza kusema jasho langu, na anaweza kusema sururu yangu. Akifika kwenye madini, sheria inamtaka aonyeshe karatasi.

Lipo neno jingine ambalo sheria inalitambua: yetu. Marekebisho ya 2018 yanagawa mrabaha wa madini: asilimia 50 kwa Serikali Kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa serikali ya mtaa ambako mgodi upo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Makampuni pia yanatakiwa kutoa asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zinazowazunguka. Tangu Oktoba 2025, Kinshasa imeweka pia viwango vya mauzo ya kobalti nje, tani 96,600 kwa mwaka 2026 na vivyo hivyo 2027, ili kupandisha bei.

Ila asilimia 15 ya karatasini inapimwa kwa bomba la maji linalotoka maji, kwa zahanati yenye dawa na kwa mtoto aliye darasani badala ya kwenye rundo la mawe. Hapo ndipo mkazi wa Kasulo atakapojua kama mgodi ulio chini ya nyumba yake una sehemu ambayo, kwa lugha yoyote, anaweza kuiita yake.