Mila za Meza ya Dadu

Wachezaji wa michezo ya kuigiza mezani hawana timu mbili za kushindana wala goli la kufunga. Wana meza, dadu, penseli, karatasi na mazungumzo. Mmoja wao ni mwongozaji: anaeleza mahali palivyo, anawasemea wenyeji na mazimwi wa hapo, kisha anauliza, "Mnafanya nini?" Wengine hujibu, kila mtu kwa niaba ya mhusika wake. Penye shaka, dadu hurushwa. Kikao huchukua saa kadhaa, na kisa kimoja kinaweza kuendelea wiki hadi wiki kwa miaka.

Desturi hii ilizaliwa Marekani, miongoni mwa watu waliokuwa wakicheza vita kwa visanamu vya askari. Mwaka 1969, jimboni Minnesota, David Wesely aliandaa pambano la zama za Napoleon, lakini baadhi ya wachezaji akawapa nafasi za raia wa mji: meya, mwenye benki, mkuu wa chuo kikuu. Kila mtu akashika njama zake, mchezo ukavurugika, na Wesely akaona ameharibu. Wenzake wakamwomba aurudie. Dave Arneson, mmoja wa kundi hilo, akauhamishia mchezo wa aina hiyo kwenye ulimwengu wa majoka na wachawi. Mwaka 1974 yeye na Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, wakatoa Dungeons & Dragons: sanduku la vijitabu vitatu, nakala 1,000 kwa chapa ya kwanza.

Tangu hapo vitabu vimebadilika mara nyingi, lakini kilichobadilika zaidi ni nani mwenye kauli mezani. Chukua ushoroba wa giza wenye shimo lililofichwa. Katika meza za kwanza, mchezaji alisema, "Natangulia nikigonga sakafu kwa mti wa futi kumi." Mwongozaji, aliyekuwa mwamuzi kama katika michezo ya vita, akapima maneno hayo na kutoa hukumu. Kilichojaribiwa ni akili ya mchezaji mwenyewe. Mmoja alichora ramani kwenye karatasi ya miraba, mwingine akawa msemaji wa kundi, na mhusika aliyekufa hakuombolezwa sana. Mwenyewe alirusha dadu akaunda mwingine.

Miaka ya 1980 watu wakaanza kutaka kisa chenye mwanzo na mwisho. Masimulizi ya Dragonlance, yaliyoanza 1984, yaliwapa mashujaa njia iliyokwisha kupangwa, na Vampire: The Masquerade ya 1991 ikamwita mwongozaji msimulizi. Hapo mhusika hauawi ovyo na shimo, kwa kuwa kisa bado kinamhitaji. Toleo la tatu la Dungeons & Dragons, mwaka 2000, likashika njia nyingine: mchezaji husema, "Natafuta mtego," hurusha dadu ya pande ishirini, hujumlisha ujuzi wa mhusika, na namba ikifikia kiwango, mtego umeonekana. Kauli imehamia kitabuni.

Kisha wakaja waliotaka kauli igawanywe. Fiasco ya 2009 haina mwongozaji kabisa. Katika Apocalypse World ya mwaka uliofuata, mwongozaji huwauliza wachezaji maswali na kuujenga ulimwengu kwa majibu yao. Kwenye meza ya namna hii, mchezaji huweza kuulizwa, "Nani amelichimba shimo hili, na kwa nini unamfahamu?" Fanani na hadhira wamekuwa kitu kimoja. Wakati huohuo wengine walikuwa wakirudi kwenye mti wa futi kumi kwa makusudi, na vitabu vya kufufua mtindo wa kale vinatoka hadi leo.

Adabu nazo zimekua. Kugusa dadu za mwenzako bila ruhusa ni utovu wa heshima kwa wengi, na dadu inayotoa namba mbaya mfululizo huweza kutiwa "jela" kwa utani. Siku hizi meza nyingi huanza na kikao cha makubaliano: tutacheza kisa gani, na mambo gani hayatatajwa. Wapo wanaoweka katikati ya meza kadi yenye alama ya X, iliyobuniwa na John Stavropoulos. Anayeigusa hadaiwi maelezo, na jambo lililomkera huondolewa. Tangu 2015, kipindi cha Critical Role kimeonyesha waigizaji wa sauti wakicheza mbele ya kamera, na wageni wengi huja wakidhani lazima kila mtu abadilishe sauti. Si lazima.

Januari 2023, kampuni inayomiliki Dungeons & Dragons ilitaka kukaza leseni iliyowaruhusu wengine kutumia kanuni zake. Wachezaji walipinga kwa kishindo, na kabla ya mwezi kwisha kampuni ikarudi nyuma na kuziweka kanuni za msingi chini ya leseni huria ya Creative Commons. Mwenye hakimiliki aligundua kuwa mchezo una wenyewe.

Hakuna mtindo uliofuta mwingine. Yote inachezwa hadi leo, na ugomvi mwingi mezani hutokana na watu wawili kuketi pamoja kila mmoja akiwa na mtindo wake kichwani. Ukialikwa, usiulize kwanza kanuni za dadu. Uliza hapa kauli ni ya nani, kisha ndipo uvute kiti.