Ukili, Kawa na Kifumbu: Kazi za Mikono za Nyumbani Kisiwani Pemba na Lugha Yake

Utangulizi

Taaluma ya Kiswahili imefanya kazi kubwa katika sarufi, ushairi na historia ya lugha. Mashairi ya Pemba yamekusanywa, na lahaja ya kisiwa hicho imeelezwa tangu W. H. Whiteley alipochapisha kitabu chake juu ya lahaja na ushairi wa Pemba mwaka 1958. Hata hivyo, lugha ya uani na jikoni, ambayo wenyewe ni wanawake wasukao ukili, wakunao nazi na wapambao nyumba zao kwa sikukuu, haijapewa nafasi inayostahiki. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba kazi hizo ni hazina ya msamiati, na kwamba chombo kinapotoweka nyumbani, methali na misemo iliyojengwa juu yake nayo hupoteza mguu mmoja wa kusimamia.

Kutoka jani hadi mkeka

Malighafi kuu za ususi Pemba ni mbili. Ya kwanza ni ukindu, yaani majani machanga ya mkindu, ambayo ni laini na hupokea rangi vizuri. Ya pili ni miyaa, majani ya mkoche, ambayo ni magumu zaidi na hufaa kwa vitu vya kazi nzito. Majani hukatwa kabla hayajachanua, huanikwa juani mpaka yakapauka, kisha huchanwa. Kila kipande kilichochanwa huitwa chane. Chane husukwa pamoja zikawa ukanda mrefu mwembamba, nao ndio ukili. Ukili hauwi kitu mpaka ushonwe: ukanda huunganishwa na ukanda hadi upatikane upana unaotakiwa, kisha kazi hutiwa pindo ili isifumuke.

Kutokana na ukili huohuo huzaliwa jamaa kubwa ya vitu, na kila kimoja kina jina na kazi yake. Mkeka ni wa kulalia na kukalia, nao hupambwa kwa chane za rangi. Jamvi ni pana na zito, la miyaa, hutandikwa msikitini, penye shughuli na uwanjani. Msala ni mkeka mdogo wa kusalia. Kitanga ni mkeka wa duara ambao juu yake huandaliwa chakula. Mkeka uliochakaa huitwa mbacha. Kwa hiyo Mswahili wa Pemba hana neno moja la jumla ambalo hulipachika sifa; anayo majina mbalimbali, na kila jina hutaja umbo, matumizi, au hata umri wa kitu.

Rangi nazo zina historia yake. Siku hizi ukindu huchemshwa kwa rangi za unga zinazouzwa madukani. Zamani rangi zilitoka porini na shambani: mdaa ulitoa nyeusi, manjano yalitoa rangi iitwayo kwa jina lake, na magome ya mikoko yalitoa wekundu wa kahawia. Neno manjano lenyewe ni ushahidi wa jinsi jiko lilivyoikopesha lugha jina la rangi.

Umuhimu wa jamvi Pemba hauishii nyumbani. Baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikawa ndiyo mzalishaji mkuu wa karafuu. Karafuu zikishachumwa huchambuliwa ili zitenganishwe na makonyo, kisha huanikwa juani kwa siku kadhaa, na chombo cha kuanikia ni jamvi. Karafuu iliyoanikwa ardhini huchanganyika na mchanga na taka, na ubora wake hushuka. Hivyo zao lililoijengea Zanzibar jina ulimwenguni lilipita juu ya kazi ya mikono ya mwanamke, ingawa katika hesabu za biashara kazi hiyo haikutajwa sana.

Jikoni: chombo na lishe

Vyombo vya jikoni vya Pemba havitenganiki na ususi wala na mnazi. Nazi hukunwa kwa mbuzi, na machicha hukamuliwa kwa kifumbu, kifuko kilichosukwa ambacho huruhusu tui lipite na kuzuia chicha. Tui la kwanza, zito, lisilotiwa maji mengi, huitwa kasimile. Linalofuata ni tui jepesi. Mpishi hodari huanza na tui jepesi ili kupikia muhogo au majimbi mpaka yaive, na kasimile huitia mwishoni, moto ukiwa mdogo, ili lisikatike. Utaratibu huo una hekima ya ladha na ya kipimo pia, kwani mafuta ya nazi hutumika kwa kiasi, na chakula hakikaangwi.

Mfano bora ni futari ya mwezi wa Ramadhani. Sahani ya futari ya Pemba huweza kuwa na muhogo, majimbi, viazi vikuu, ndizi mbichi au shelisheli, vyote vikichemshwa na kuungwa kwa nazi, pamoja na kunde, mbaazi au chooko, na samaki pembeni. Mazao hayo huota kisiwani, mengi yana nyuzinyuzi nyingi kuliko mkate mweupe, na hayahitaji sukari. Leo, vitafunio vilivyokaangwa na vinywaji vitamu vinapoendelea kujaza kitanga cha futari, na kisukari na shinikizo la damu vikiwa miongoni mwa maradhi yanayowahangaisha madaktari wa Visiwani, jiko la bibi linastahili kutazamwa kama elimu ya afya, si kama umaskini wa zamani.

Chakula kikishapakuliwa hufunikwa kwa kawa, kifuniko cha ukili chenye umbo la pia, mara nyingi chenye mistari ya rangi. Kawa huzuia nzi na vumbi, lakini kwa kuwa kimesukwa, hupitisha mvuke; wali hautoi jasho kama unavyofanya chini ya bakuli la plastiki. Vilevile kawa ni pambo, na fundi hutambulikana kwa kawa lake.

Nyumba na misimu yake

Upambaji wa nyumba Pemba hufuata kalenda, si fasheni. Kabla ya Ramadhani vyombo husuguliwa na jiko husafishwa. Kabla ya Idi kuta za udongo hukandikwa upya au hupigwa chokaa, pazia hubadilishwa, na mkeka uliofichwa kwa miezi hutandikwa. Asubuhi ya sikukuu chetezo hufukizwa udi au ubani, na asumini hutungwa makoja au hufungwa vikuba pamoja na mrehani. Mwaka wa jua nao, unaoanza kwa Nairuzi na ambao sherehe yake mashuhuri hufanyika Makunduchi, Unguja, kila Julai, ulikuwa na desturi zake pwani yote: kuoga baharini, kuzima moto wa zamani na kuwasha mpya. Katika misimu yote hiyo gharama ni ndogo, kwani mapambo hutoka uani: ua, jani, udongo na chokaa. Kinachohitajika ni muda na maarifa.

Methali zinazosimama juu ya mkeka

Hapa ndipo hasara ya lugha inapodhihirika. Methali isemayo *Usiache mbachao kwa msala upitao* hufundishwa katika shule nyingi, lakini wanafunzi wengi hudhani kuwa *mbachao* ni neno moja lisilochanganulika. Kumbe ni *mbacha* na kiambishi cha umiliki *-o*, kama katika *mwanao* na *mkeo*: mbacha wako. Asiyejua kuwa mbacha ni mkeka uliochakaa, na kuwa msala ni mkeka wa kusalia, huambiwa maana ya jumla, akaikariri bila kuona picha. *Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi* humtaka msikilizaji ajue kuwa pakacha husukwa kwa kuti la mnazi na lina matundu. *Kila mtoto na koja lake* humtaka awe amewahi kuona koja la maua likitungwa.

Ni kweli kwamba maneno hayafi kwa urahisi. *Kukunja jamvi* bado ni kumaliza shughuli, hata kama wahusika walikaa vitini. Vijana wa mijini huita *mkeka* karatasi ya kubashiri matokeo ya mpira, na wanapokosa husema mkeka umechanika. Sitiari hiyo ni hai na ina ucheshi, lakini huchota katika kisima ambacho wachache wanaendelea kukijaza. Mkeka wa plastiki ni rahisi, una rangi kali, na hauhitaji mtu asubiri mkindu utoe majani. Hauna chane, hauna pindo, wala haugeuki mbacha. Ukichakaa ni taka tu.

Hitimisho

Haifai kumtaka mwanamke wa Micheweni au Mkoani asuke kwa ajili ya wanaisimu. Atasuka iwapo kazi yake itamlipa. Marufuku ya mifuko ya plastiki, iliyoanza kutumika Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019 baada ya Zanzibar kutangulia, imeonyesha kuwa kikapu kinaweza kurejea sokoni kikipewa nafasi. Wajibu wa vyuo ni mwingine: kurekodi msamiati huu kwa vinywa vya mafundi wenyewe, hatua kwa hatua, pamoja na picha za kila kitu, na kuupeleka darasani. Mwalimu anayefundisha methali ya mbacha akiwa na msala na mkeka uliochakaa mbele ya wanafunzi hatakuwa na haja ya maelezo marefu. Na mwanafunzi aliyewahi kushika chane mkononi atafahamu kwamba lugha yake, kama ukili, huwa na nguvu kwa kuunganishwa, na hufumuka ikiachwa bila pindo.