Rangi Mpya na Uzio Mpya kwa Nyumba ya Zamani: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kutoa Fedha

Nyumba nyingi za zamani mkoani Singida bado zina kuta imara, ingawa sura yake imefifishwa na jua, upepo wenye vumbi na matope ya masika. Mwenye nyumba anapopata fedha, pengine baada ya kuuza alizeti, huwa na hamu ya kwenda moja kwa moja dukani kuchagua rangi. Mlaji anashauriwa aanze na mambo matatu: hali ya ukuta, vipimo vya kazi na mipaka ya kiwanja. Makosa katika mambo hayo ndiyo yanayogharimu zaidi.

Ukuta kwanza, rangi baadaye

Rangi inayobanduka karibu na msingi kwa kawaida ni dalili ya unyevu. Maji ya paa lisilo na mifereji hurukia ukuta, na udongo uliorundikana kando ya nyumba huyahifadhi. Unga mweupe unaojitokeza ukutani ni chumvi iliyoletwa na maji hayo. Kupaka rangi ya mafuta juu yake huufungia unyevu ndani, na baada ya muda rangi huvimba na kubanduka tena. Weka mifereji, ondoa udongo, kwangua rangi iliyolegea, ziba nyufa, kisha uache ukuta ukauke. Lipu mpya ya saruji isubiriwe takriban wiki nne. Kwa ukuta wa matofali mabichi ya udongo, chokaa hufaa zaidi kwa kuwa huruhusu unyevu kutoka.

Kazi hii ifanyike kiangazi, ukuta ukiwa umekauka. Anza umande ukishaondoka, na upake upande ulio kivulini, kwa sababu rangi inayokaushwa haraka na jua kali haishiki vizuri. Upepo ukianza kupeperusha vumbi, simamisha kazi.

Tahadhari ya madini ya risasi

Rangi ya zamani, hasa ya mafuta iliyopakwa milangoni na madirishani, huenda ikawa na madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto wadogo ndio wanaodhurika zaidi, hasa ubongo. Usiisugue rangi hiyo kwa msasa ikiwa kavu, wala usiichome moto. Ilowanishe, tandika turubai chini, kusanya mabaki yote, na uwaweke watoto mbali hadi usafi ukamilike. Unaponunua rangi mpya, chagua iliyoandikwa kuwa haina risasi, yenye alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na ambayo mfuniko wake haujafunguliwa.

Pima kabla ya kununua

Chukua mfano wa nyumba yenye urefu wa mita 12, upana wa mita 8 na kuta za kimo cha mita 3. Mzunguko wake ni mita 40, hivyo kuta zina mita za mraba 120. Ukitoa mita 15 za milango na madirisha, hubaki 105. Kwa mikono miwili ya rangi, ni 210. Ikiwa lita moja hufunika mita 8 za mraba kwenye ukuta wenye mikwaruzo, utahitaji takriban lita 27, yaani ndoo moja ya lita 20 na makopo mawili ya lita 4. Mwenye hesabu hii hatanunuliwa rangi ya ziada, na atatambua mapema iwapo rangi inazidishiwa maji.

Uzio na mipaka

Kabla ya kuchimba shimo la kwanza, thibitisha mawe ya mipaka pamoja na majirani, na uulize halmashauri kuhusu kibali. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kwa kawaida ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Uzio uliojengwa ndani ya hifadhi waweza kubomolewa, na gharama ikabaki kwako. Ukiwa kando ya barabara ya Dodoma au ya Babati, uliza kwanza ofisi ya TANROADS. Kwa barabara za mitaa, uliza TARURA.

Nguzo za miti ziwe zimetiwa dawa ya mchwa, na ncha iliyokatwa isifukiwe ardhini. Uzio wa minyaa ni wa gharama nafuu, lakini utomvu wake hudhuru macho, wapogoaji wajikinge.

Makubaliano na risiti

Andikeni na fundi aina ya rangi, idadi ya mikono, muda na bei. Nunua vifaa mwenyewe, dai risiti ya EFD, na ulipe ujira kwa hatua. Sehemu ya mwisho ilipwe baada ya kukagua kazi. Hifadhi risiti na kopo moja lenye lebo.

Bidhaa ikiwa hafifu, toa taarifa TBS. Ujazo ukipungua, wasiliana na Wakala wa Vipimo. Ukidanganywa kuhusu bidhaa, peleka malalamiko Tume ya Ushindani. Katika yote hayo, risiti ndiyo shahidi wako wa kwanza.