Nyama Haipimwi kwa Lita

Kila mwaka ukifika Julai naanza kuulizwa swali moja. Waulizaji wako katika miji ya Marekani kama Missoula, Boise na Denver, na wengine hata leseni ya kuwinda hawajakata: "Fundi, ninunue begi la lita ngapi ili nikipiga elki niweze kubebea nyama?" Nimelijibu kwenye simu, nimelijibu kwa ujumbe wa sauti, nimelijibu mbele ya cherehani nikiwa na pini mdomoni. Leo nalijibu kwa maandishi ili nipumzike.

Lita hazihusiki. Ungeniuliza rangi ya zipu ningekuelewa zaidi.

Nyama mbichi iliyotolewa mfupa ina uzito wa kilo moja kwa kila lita, tena huzidi kidogo. Elki ni jamii ya kulungu, na dume aliyekomaa wa Milima ya Rocky ana kilo 300 au zaidi akiwa hai. Ukishamchuna na kuacha matumbo, kichwa na mifupa, utabaki na nyama ya kilo 80 hadi 110 hivi. Ya jike huwa pungufu. Hiyo haibebwi kwa safari moja. Mtu mzima mwenye mazoezi atabeba kilo 30 kwa usalama, 35 kwa jasho, 40 kwa ubishi. Sasa piga hesabu: kilo 35 za nyama ni lita 34 tu. Begi la lita 34 ni dogo kuliko lile unaloruhusiwa kuingia nalo ndani ya ndege. Kwa maneno mengine, mabegi mengi ya kuwindia yanayouzwa Marekani, hata ya ukubwa wa kati, yana nafasi ya kutosha nyama utakayoiweza. Magoti yataisha kabla ya nafasi.

Kwa hiyo muuzaji anayekwambia "chukua hili la lita 100, ndilo la nyama" anakuuzia hewa. Na hiyo hewa inapimwaje? Kipo kipimo cha kiwandani huko Marekani, ASTM F2153: mpimaji anamwaga vijitufe vya plastiki vya milimita 20 ndani ya begi, mfuko baada ya mfuko, kisha anapata ujazo wake. Ni kipimo cha hiari, si kila kampuni inakifuata. Kwa atakayebeba blanketi na sweta kinafaa kabisa. Lakini kijitufe cha plastiki hakina uzito wa maana, hakilowi, hakitelezi, na hakijawahi kumvunja mtu kiuno. Kupima begi la nyama kwa vijitufe ni kazi ya bure.

Tuchukue begi laini la lita 90, la kutembelea milimani wikendi, lenye kipande chembamba cha plastiki mgongoni ambacho tangazo linakiita fremu. Tia humo paja la nyuma la elki dume, ambalo likiwa na mfupa wake hufika kilo 25 na kupita. Nyama haitulii ulipoiweka. Ina joto bado, ni laini, inateleza. Itashuka mpaka kwenye sakafu ya begi na kujikusanya kama maji kwenye kiriba, na kitambaa kitavimba kwa nyuma. Uzito uliokuwa sentimita 10 kutoka mgongoni sasa uko sentimita 20. Haukuongezeka hata gramu moja, lakini nguvu inayokuvuta kinyumenyume imekuwa maradufu. Mwili una jibu moja tu kwa jambo hilo, nalo ni kuinama mbele. Mkanda wa kiuno nao, kwa kuwa haukushikamana na kitu chochote kigumu, unaanza kuteleza, na kilo zote zinahamia mabegani. Mwendo wa kilomita moja tu, vidole vinakufa ganzi. Ukiteremka mteremko wa mawe katika hali hiyo, hutazami tena njia. Unatazama vidole vya miguu yako.

Mabegi hayo huletwa kwangu Novemba, msimu ukiisha. Yana ugonjwa uleule: mshono umeachia pale mkanda wa bega unapoungana na mgongo wa begi, sponji ya mkanda wa kiuno imejikunja na haikunjuki, ufito wa alumini umepinda, au umetoboa kitambaa na kuchungulia nje. Sijawahi kuletewa begi lililoharibika kwa kukosa nafasi. Halafu mwenye begi ananitazama usoni na kuniuliza kama mwakani achukue la lita 110.

Wabishi wana hoja mbili. Ya kwanza ni shanta la jeshi: "Baba mdogo alikuwa askari, alibeba silaha na risasi na chakula cha siku tano." Sawa. Shanta zuri la jeshi lina fremu, na ndiyo maana liliweza. Ukinunua la mtumba ambalo fremu imechomolewa ikauzwa kivyake, umenunua gunia lenye mikanda.

Hoja ya pili huja kwa ndugu zangu wa Kongo, na hii naiheshimu zaidi. Wanasema: "Mama zetu Bukavu wanabeba magunia mazito kuliko mzigo wako wa elki kwa kamba ya paji la uso, na fremu hawaijui." Kweli kabisa. Lakini mtazame yule mama vizuri. Mzigo umelala mgongoni moja kwa moja, hauning'inii. Kamba inaushika kutoka juu. Mwili umeinamishwa makusudi ili uzito uingie kwenye uti wa mgongo na miguu. Yeye mwenyewe ndiye fremu. Ameanza akiwa mdogo, njia anaijua, na shingo yake inalipa deni hilo uzeeni. Wewe umekaa nyuma ya usukani wa lori miezi kumi na moja, unataka kushuka mlima wa Idaho usiku na tochi ya kichwani. Na kama unadhani ninazidisha, kumbuka kwamba mizigo ya wapagazi wa Kilimanjaro imewekewa kikomo cha kilo 20, na hao ndio kazi yao.

Waliobeba nyama na ngozi kwa riziki walilijua jambo hili zamani. Lloyd Nelson alipata hataza ya fremu yake ya mbao mwaka 1924, ile iliyojulikana kama Trapper Nelson. Mfuko wake wa turubai uliweza kuchomolewa, ukabaki na fremu tupu ya kufungia chochote. Dick Kelty akaja na fremu za alumini mwaka 1952 huko California, na uzito ukahamia kwenye nyonga. Kampuni zinazosifiwa na wawindaji leo, iwe Mystery Ranch iliyoanzia Bozeman, Exo Mtn Gear ya Boise au ile iliyoanzia Colorado na kujiita Kifaru, zote zinauza kwanza fremu, mfuko unafuata.

Basi uliza kuhusu fremu. Isipinde ukiikandamiza sakafuni kwa mikono miwili. Iwe ndefu kiasi cha kupita mabega yako kwa sentimita 5 hadi 10 mkanda wa kiuno ukiwa umekaa mahali pake, kwa sababu kuna vikanda viwili vidogo vinavyotoka juu ya bega kurudi kwenye fremu, na kazi yake ni kuuvuta mzigo uje mgongoni na kuupunguza mabegani. Fremu ikiwa fupi, vikanda hivyo vinalala bapa na kubaki pambo. Fremu nyingi za kuwindia zina urefu wa sentimita 60 hadi 66. Urefu wako wa kusimama hausemi kitu hapa, pima mgongo: kutoka ule mfupa unaojitokeza chini ya shingo ukiinamisha kichwa, hadi usawa wa mifupa ya nyonga. Nimewahi kumpimia mtu mrefu kuliko mlango ambaye mgongo wake ni mfupi kuliko wa mkewe, na alikuwa amekwisha nunua saizi kubwa kabisa dukani.

Mkanda wa kiuno ukae juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni, na uwe umefungwa kwenye fremu yenyewe. Ukiukaza, uweze kulegeza mikanda ya mabega bila mzigo kuporomoka. Hiki ndicho kipimo cha dakika moja ambacho karibu kila begi la lita 100 la bei poa linakishindwa.

Kisha rafu ya mzigo. Begi la nyama lililoundwa na mtu anayejua kazi huachana na fremu yake: unalegeza mikanda, unaingiza nyama katikati ya fremu na mfuko, unakaza tena. Faida ni mbili kwa pamoja. Nyama inabanwa mgongoni, juu kidogo, usawa wa mbavu na mabega, haiwezi kushuka. Na damu haigusi sweta wala chakula chako. Mfuko wenyewe unaweza kuwa wa lita 40 tu. Ukishaelewa rafu hii hutauliza lita tena, na mimi nitaweza kushona kwa amani.

Nyama isiingizwe kwenye mfuko wa takataka wa plastiki. Septemba mchana Colorado hupata joto, na nyama iliyotoka kwenye mwili wa mnyama mkubwa ina joto lake pia. Ukiifungia kwenye plastiki inaoza ikiwa mgongoni mwako. Tumia mifuko ya kitambaa kinachopumua, itundike kivulini kwanza ipoe, ndipo uipange kwenye rafu.

Haya, mnunue nini. Kama unakaa porini usiku kadhaa na unaingia mbali, nunua fremu nzuri yenye mfuko unaochomoka na rafu. Jiandae kutoa zaidi ya dola 500, ununue mara moja. Kama unawinda karibu na barabara, beba begi dogo la siku na uache fremu tupu ya alumini ndani ya gari. Ya mtumba inatosha, kagua tu pini na mikanda. Kama hujiwezi, mlipe mwenye farasi au nyumbu aliyesajiliwa, na upatane naye kabla ya msimu, si ukiwa na mnyama chini. Mkokoteni wa magurudumu sahau kwenye maeneo ya nyika yaliyolindwa, umekatazwa chini ya Sheria ya Nyika ya 1964. Jike la elki au kulungu mdogo hupunguza safari, lakini hesabu umbali kabla hujafyatua: akianguka mnyama kilomita 5 kutoka kwenye gari na nyama ni mizigo mitatu, utatembea kilomita 25, kumi kati yake mikono mitupu. Ongeza fimbo mbili za kutembelea. Mkiwa wawili, gaweni.

Dukani kataa kujaziwa mito. Omba mifuko ya mchanga ya kilo 25, vaa, panda na kushuka ngazi kwa robo saa nzima. Duka likikataa, ondoka. Kagua bizimu, ziwe nene na zenye vipuri. Kagua mishono ya mizizi ya mikanda, iwe imerudiwa na kufungwa kwa mishono ya msalaba. Kitambaa kisipige kelele ukikikwaruza kwa ukucha. Zipu ndefu ya ubavuni ni tamu hadi iingiwe na mafuta ya nyama.

Sheria pia zinaingia begini. Colorado inataka alama ya jinsia ya mnyama ibaki imeshikamana na nyama, kwa hiyo fikiri kabla ya kupitisha kisu kutoa mifupa. Alaska pembe hazitangulii nyama: hutoki na pembe kwenye eneo la kuua hadi nyama yote imetoka, au ziende na mzigo wa mwisho. Kwa wanaowinda kwa bunduki, Colorado inadai inchi za mraba 500 za rangi ya chungwa au ya waridi inayowaka, kiunoni kwenda juu pamoja na kofia; Montana ni 400. Begi lenye paja la elki linaifunika fulana yako yote kwa nyuma, basi funga kitambaa cha rangi hiyo juu ya mzigo, na pembe uzizungushie pia. Dawa ya kupulizia dubu ikae kwenye mkanda wa kiuno au kifuani, mahali mkono unapofika bila kuvua begi, hasa mnaporudi kuchukua mzigo wa pili mahali ambapo matumbo yameachwa tangu asubuhi.

Damu kwenye begi huoshwa kwa maji baridi siku hiyohiyo. Maji ya moto huigandisha kwenye nyuzi. Likaushwe kivulini, mikanda ikiwa imelegezwa.