Wahudumu wa Wagonjwa wa Saratani

Hospitali ya Mulago, mjini Kampala, ina historia ndefu katika vita dhidi ya saratani. Hapo ndipo Daktari Denis Burkitt alipochunguza uvimbe wa taya za watoto, akatangaza habari zake mwaka 1958. Mwaka 1967 kilianzishwa hapo kituo cha tiba, ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Lakini si kila mgonjwa hupona. Wengi hufika ugonjwa umekwisha kuenea. Hao nao wana haki ya kuhudumiwa. Mhudumu humgeuza mgonjwa kitandani, humsafisha vidonda, humsikiliza, na huwafundisha jamaa zake namna ya kumtunza nyumbani. La kwanza ni kumtuliza maumivu, kwani mwenye maumivu hapati usingizi wala hamu ya chakula.

Dawa yake ni mofini ya kunywa, ambayo ni unga uliochanganywa na maji. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Daktari Anne Merriman mwaka 1993, ndiyo iliyoieneza nchini. Mwaka 2004 sheria iliwaruhusu hata wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika.

Ndugu askari na polisi, chupa hiyo mwaweza kuikuta kwenye vizuizi vya barabarani, mkononi mwa jamaa wa mgonjwa. Tukague cheti chake. Kikiwa sawa, tumpishe upesi. Na mzazi wetu akiandikiwa dawa hiyo, tusimnyime kwa hofu ya ulevi. Kumlinda raia ni pamoja na kumpunguzia mateso.