Kilomita 478 bila kona: rekodi za reli katika nyika za Australia

Tarehe 8 Agosti 1989, kichwa cha treni cha mvuke kiitwacho Flying Scotsman kiliondoka Parkes, mji wa wakulima katika jimbo la New South Wales, kikaenda mpaka mji wa migodi wa Broken Hill bila kusimama hata mara moja. Ni kilomita 679. Hakuna kichwa cha mvuke kilichowahi kwenda umbali huo kwa mkupuo mmoja popote duniani, na wapenzi wa reli wa Australia hawachoki kuisimulia safari hiyo.

Chenyewe si cha Australia. Kiliundwa Doncaster, Uingereza, mwaka 1923, na kilivushwa bahari mwaka 1988 kwa ajili ya sherehe za miaka 200 tangu Waingereza wahamie Australia. Waandaaji walikuwa wamekitaka kichwa kingine, Mallard, chenye rekodi ya dunia ya mwendo kasi wa mvuke, lakini mwaka huo Mallard kilikuwa kikitimiza miaka 50 ya rekodi hiyo na Uingereza haikutaka kukiachia. Basi akaja mgeni wa pili, na mgeni wa pili akaondoka na rekodi yake.

Ugumu wa kwenda mbali kwa mvuke hauko kwenye makaa tu, uko kwenye maji. Kichwa hunywa maji kupita kiasi, na ndiyo maana stesheni za zamani zilikuwa na matanki marefu kando ya reli. Kupita bila kusimama kulitaka behewa la ziada la maji nyuma ya kichwa, na wachochezi wa moto wenye mikono isiyochoka kwa saa 9 na ushei. Njiani kuna Condobolin, Ivanhoe na Menindee, miji ambayo treni ikiipita bila kusimama, kila aliye karibu huijua saa yake.

Hapo ndipo ninapoupenda mchezo wa kufuata treni. Mtu mmoja peke yake haufaidi. Anahitajika wa kuendesha gari barabara inayokwenda sambamba na reli, wa kusoma ramani na ratiba, wa kupiga picha, na mwenye saa mkononi anayehesabu sekunde kati ya nguzo moja ya kilomita na nyingine ili apate mwendo wa treni. Jioni ndiyo daftari la hesabu hizo linafunguliwa na ubishi unaanza. Tena nyika ile haina mzaha: maji ya kunywa hubebwa kwa ziada, mafuta hujazwa kila panapopatikana, na hakuna anayekanyaga reli kwa ajili ya picha.

Kundi la namna hiyo lisiache kufika uwanda wa Nullarbor. Huko ndiko ilipo reli iliyonyooka kwa urefu kuliko zote duniani: kilomita 478, kuanzia karibu na Ooldea, Australia Kusini, hadi upande wa Loongana katika Australia Magharibi, bila kona hata moja. Sababu ni ardhi yenyewe. Ni jabali la chokaa lililolala tambarare, hakuna mlima wa kuzunguka wala bonde la kukwepa. Mafundi walijenga kutoka pande mbili, Port Augusta na Kalgoorlie, wakakutana Ooldea tarehe 17 Oktoba 1917. Reli nzima ina urefu wa kilomita 1,693, na haivuki mto hata mmoja wenye maji ya kudumu.

Ukame huo uliutesa mvuke mpaka ukaushinda. Maji ya visima yalikuwa na chumvi iliyokula matumbo ya vichwa, na treni zililazimika kujibebea maji yao wenyewe. Mwaka 1951 vichwa vya dizeli vikaingia, na mvuke ukafungiwa mlango mapema kuliko sehemu nyingi za nchi. Wafanyakazi wa reli walioishi kando ya njia hiyo walihudumiwa na treni ya ajabu iliyoitwa Tea and Sugar, iliyokuwa na duka, bucha na mishahara ndani yake. Ilitembea kuanzia mwaka 1917 hadi 1996. Kwangu mimi hilo ndilo soko refu kuliko yote lililopata kuwapo, ingawa hakuna kitabu cha rekodi kilicholiandika hivyo.

Uzito nao una kwao: Pilbara, kaskazini ya mbali ya Australia Magharibi. Tarehe 21 Juni 2001 kampuni ya BHP iliunganisha mabehewa 682 ya madini ya chuma na vichwa 8 vya dizeli. Urefu wake ulikuwa kilomita 7.353, anayetembea kwa miguu angemaliza karibu saa moja na nusu kutoka mkiani hadi kichwani. Uzito wote ulikaribia tani 100,000, na zaidi ya tani 82,000 zilikuwa madini. Dereva alikuwa mmoja tu, akiviongoza vichwa vingine kwa redio. Hadi leo hakuna treni ndefu wala nzito kuliko ile. Reli za Pilbara ni mali ya migodi, kwa hiyo mtazamaji hukaa kwenye makutano ya barabara ya umma na kungoja behewa la mwisho lipite. Uvumilivu wa marafiki hupimwa hapo.

Rekodi inayotuhusu sisi wa Afrika Mashariki ilianzia Tasmania. Mwaka 1909 reli nyembamba ya huko, yenye upana wa milimita 610, ilipokea K1, kichwa cha kwanza duniani cha aina ya Garratt. Herbert William Garratt alilining'iniza tanki la mvuke katikati ya seti mbili za magurudumu, kila seti ikijizungusha yenyewe. Kichwa kikubwa kikaweza kupinda kona kali juu ya reli dhaifu. Kutokana na wazo hilo vilizaliwa vichwa 34 vya aina ya 59 vya Shirika la Reli la Afrika Mashariki, vilivyopewa majina ya milima yetu, vikubwa kuliko vyote vya mvuke vilivyowahi kutembea kwenye reli ya mita moja. Mount Gelai bado kipo Makumbusho ya Reli, Nairobi. Aliyesimama kando yake akahisi udogo wake atakitambua papo hapo ndugu yake wa Australia, nambari 6029, ambacho watu wa kujitolea wa Canberra walikirudisha relini mwaka 2014, kikiwa kichwa cha mvuke kikubwa kuliko vyote vilivyokuwa vikitembea kusini mwa ikweta.

Watu wa kujitolea ndio rekodi ambayo ningeiweka juu ya zote. Reli ya Puffing Billy, katika vilima vya Dandenong karibu na Melbourne, ilikatwa na maporomoko ya udongo mwaka 1953, na mwaka uliofuata serikali ikaifunga. Mwaka 1955 wapenzi wake waliunda chama cha kuiokoa, miongoni mwa vyama vya mwanzo vya namna hiyo duniani. Sehemu ya kwanza ilifunguliwa tena mwaka 1962. Gembrook, mwisho wa njia, walifika mwaka 1998. Huko Lithgow, New South Wales, reli ya Zig Zag ilisimama mwaka 2012, moto wa msituni ukaiunguza mwaka 2013, ukarudi tena 2019. Waliokuwa wakiikarabati mwisho wa juma waliendelea kuja, na Mei 2023 abiria walipanda tena. Miaka 11 ya kushika spana bila malipo si jambo dogo.

Anayetaka burudani ya haraka aende Maitland, katika jimbo hilohilo, ambako tangu 1986 hufanyika tamasha la Steamfest, na treni ya mvuke hushindana mbio na ndege ndogo za zamani za Tiger Moth.

Lakini kama marafiki wana subira, ningewapeleka kwenye Gulflander, kaskazini mwa Queensland. Reli yake ya zaidi ya kilomita 150, kutoka Normanton hadi Croydon, ilijengwa kati ya 1888 na 1891 kufuata dhahabu, na haijawahi kuunganishwa na reli nyingine yoyote. Mhandisi George Phillips alitumia mataruma ya chuma yaliyojazwa udongo: mchwa hawayawezi, na mafuriko huyapita juu bila kuyang'oa. Mengi ya mataruma hayo yangali chini ya reli. Katika msimu wa safari, treni huondoka Normanton Jumatano na kurudi Alhamisi. Usiku hulalwa Croydon, na daftari la nguzo za kilomita hupata muda wa kutosha.